Alama za Tumboni

Bi Mishi hakuwa na mume, hakuwa na jirani wa kumpikia uji, na tangu upasuaji hakuwa na mji wa mimba. Saratani ilitolewa pamoja nao, lakini daktari alitaka mionzi iunguze masalia. Alimchora tumboni alama za wino za kuelekezea mashine, akamwonya asizioshe.

Dada yake, aliyekuja kumuuguza, alimsugua singo, manukato ya kusugulia maharusi, hadi alama zikafutika, Bi Mishi akiwa amelewa dawa za maumivu.

"Mdogo wangu, ulichafuka kama karani! Sasa unanukia kama bi harusi."

Bi Mishi hakuwa na moyo wa kumwambia alama zile zilikuwa za nini. Alijifungia, akazichora upya kwa kukisia. Kwa kalamu ileile akamwandikia bintiye: "Usije. Kesho mionzi inaanza, kila kitu kipo mahali pake."

Akalamba bahasha, akaifunga, akampa dada yake aipeleke posta. Chini ya kanga jasho lilianza kumtoka, na wino nao.