Gari Lisilokunywa

Gathogo alipiga magoti nyuma ya gari lake mwenyewe, akatumbukiza mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo kama mwizi. Petroli ikamjaa kinywani. Akatema, akalaani, akauelekeza mpira kwenye mtungi. Aliyanyonya mafuta mpaka mpira ukavuta hewa. Yaliyobaki chini yangefikisha gari mtoni, labda na nusu ya kilima cha ng'ambo. Hapo lingezima, na hapo ndipo alipotaka lizime.

Mshale wa petroli ulikuwa umekwama katikati tangu siku aliyolinunua. Hakuna ambaye angejua.

Gari lenyewe lilikuwa lile dogo la Kijapani, injini yake haizidi ya pikipiki kubwa. Aliuza ng'ombe watatu wa maziwa kulipata, na Giakanja nzima ikamcheka.

"Hiyo ni gari ama ni kiberiti?" walimuuliza pale sokoni. "Kwa hiyo pesa si ungepata pikapu, hata kama ni kuukuu, ubebe kabeji?"

"Lita moja, kilomita ishirini na tano," aliwajibu wote. "Nyinyi endeleeni kunywesha pikapu zenu."

Lakini jamani, alilipenda mno hata akaogopa kuliendesha. Kazini, kwenye kiwanda cha kahawa, alikwenda kwa miguu. Gari lilitoka Jumapili tu, kanisani na kurudi, na kila jioni alisoma kilomita zake kabla ya kulifunika turubai.

Ndivyo alivyogundua. Jumatano moja kilomita thelathini ziliongezeka. Jumatano iliyofuata, arobaini. Gari limelala nyumbani, na linatembea! Tena kiti cha kushoto kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, nafasi ya mtu wa miguu mirefu.

Mkewe, Wakiuru, hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Basi nani?

Jibu alipewa na jirani yao Gathoni, bila hata kuulizwa. "Baba Tabby, ati nimeona Mama Tabby kwa gari yenu na yule mwalimu Duncan, wakiteremka mtoni. Yule mrefu wa kutoka Bungoma. Wanacheka hao!"

Gathogo hakumuuliza mkewe neno. Alikuwa mtu wa kuweka mambo rohoni yakachacha. Alikula chakula chake, akalala akiangalia ukuta, akaamka kisogo kikimgonga. Vidonge vyake vya presha vilikuwa mezani. Siku ya tatu hiyo hakuwa amevigusa. Alikumbuka hata siku ile ya kliniki, mwezi uliopita, Wakiuru alivyobaki ndani na daktari, mlango umefungwa, naye ameachwa kwenye benchi. Huyu mwanamke alikuwa na siri na kila mwanamume!

Kwa hiyo Jumanne jioni akanyonya petroli. Wangekwama kilimani wote wawili, naye angewafuata kwa miguu, awakute mchana kweupe.

Jumatano asubuhi aliaga kama kawaida. "Nimeenda, Mama Tabby."

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa," akadanganya.

Alipofika kwenye kona aligeuka, akapita katikati ya mibuni, akajificha kwenye majani ya ng'ombe karibu na boma lake. Mkononi alikuwa na panga. Hakujua atafanya nini nalo. Au alijua, akaogopa kujiambia.

Saa nne Wakiuru alitoka amevaa sweta yake nzuri. Akatoa turubai, akaikunja. Gathogo alimngoja Duncan atokee. Duncan hakutokea. Wakiuru akafungua mlango wa kulia, akaketi kwenye usukani mwenyewe, akawasha gari.

Gathogo akasimama. "Wewe..." alianza, na neno la pili halikuja.

Upande mmoja wa dunia uliingia giza. Panga lilianguka mkononi bila yeye kuliachilia. Mguu wa kulia ukakunjika, na akajikuta amelala kifudifudi kwenye majani.

Wakiuru alipiga nduru, Gathoni akaja mbio. Walimburuta wote wawili, wakamwingiza kwenye kiti cha kushoto, wakamfunga mkanda.

"Ngoja niite gari ya Kingori!" Gathoni alisema huku akihema.

"Kingori ameenda Kiriaini. Fungua geti!"

Wakiuru alirudisha gari nyuma, akatoka getini bila kugusa ua, akashika njia ya Nyeri. Gathogo alimtazama kwa jicho moja lililobaki na nuru. Mikono yake ilitulia kwenye usukani. Lo, anajua kuendesha!

Wakaanza kuteremkia mtoni. Hapo hofu ikamshika Gathogo, hofu ambayo hakuwahi kuionja. Alitaka kusema petroli. Alitaka kusema rudi nyumbani. Mdomo ulienda upande, ukatoa sauti ya mtoto mchanga, na mate yakamtiririka kidevuni.

"Usiongee," Wakiuru alimwambia. "Hospitali si mbali."

Walivuka daraja. Gari likapanda kilima vizuri mpaka nusu, likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Wakiuru akavuta breki ya mkono. Akawasha. Halikuwaka. Mbele na nyuma barabara ilikuwa tupu.

Gathogo alimshika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki na nguvu, akambana, akatoa sauti ile tena.

"Usiogope, Baba Tabby," alisema, akizungusha ufunguo. "Daktari aliniambia hii siku inaweza kuja, na dakika chache tu ndizo zitakuokoa, nisingoje gari ya mtu. Unafikiri mwalimu Duncan amekuwa akinifunza kuendesha kwa nini?"