Stelingi wa Kimandolu

Ngumi ya kwanza ilimpata Brayson mdomoni, na baba yake akapiga makofi.

"Hapo sasa!" alisema Mzee Thomasi. "Hiyo ndiyo ngumi."

Alikuwa amesimama nyuma ya umati, kando ya barabara Kimandolu, fimbo mkononi, koti la Jumapili mwilini. Aliteremka kutoka mlimani asubuhi ile, akaacha kahawa haijapaliliwa, kwa sababu ya ujumbe wa mwanaye: Baba, njoo leo uone tunavyopiga picha. Mimi ndiye mwizi. Na kweli, alipofika tu alimwona Brayson anachomoka kwenye meza za mitumba, mkoba mwekundu wa kike kwapani, watu nyuma yake wakipiga kelele za mwizi. Alikuwa amekosa mwanzo tu.

Mzee Thomasi na filamu, we acha tu. Ujana wake uliishia kwenye ukumbi wa sinema mjini, na mpaka leo ukienda kwake, chai haijapoa atakuwa ameshakwambia kwamba za zamani ndizo filamu. Teke lilisikika kabla mguu haujafika, sawa, lakini stelingi alikuwa stelingi: anapigwa, anatema jino, ukumbi mzima unalia, halafu anaamka. Za siku hizi? Makochi mapya, mapazia mapya, watu wanagombana sebuleni saa nzima. Mtu anaanguka kabla kibao hakijamfikia, na damu ni juisi ya rozela.

Alimwambia Brayson hivyo hivyo, siku walipoweka filamu yake ya kwanza pale nyumbani, wageni wamejaa mpaka mlangoni.

"Mwanangu, unakimbia kama mtu anayewahi choo."

Sebule nzima ilicheka. Brayson hakucheka.

"Mwizi wa kweli hakimbii kamera," baba aliendelea, maana ameshapata wasikilizaji. "Anakimbia watu."

"Sawa, baba. Hii inayokuja utaipenda. Mwizi ndiye stelingi, anasingiziwa."

"Nitaona kwanza."

Tangu aanze kuigiza, Brayson alikuwa akisubiri neno moja tu kutoka kwa mzee huyu: umeweza. Lilikuwa halijatoka.

Sasa rungu lilimshukia begani. Dereva wa bodaboda alivua helmeti, akamtandika nayo usoni, jino likaruka. Brayson akapiga magoti. Damu ilimtoka puani, nzito, ikachanganyika na vumbi.

"Hata damu leo wamepatia," Mzee alinong'ona kwa furaha. "Siyo rozela hii."

Aliitafuta kamera, hakuiona. Aliona simu tu, zimeinuliwa kila upande juu ya vichwa. Akaguna. Kumbe siku hizi filamu inapigwa kwa simu! Ila kwa watu, jamani, wamejaza.

Pembeni yake mama muuza ndizi, Anande, alijifunika macho kwa kanga. "Watamuua kijana wa watu hawa."

"Tulia, mama. Ataamka."

"Ataamka na nini? Huoni?"

"Stelingi huyo. Nakwambia ataamka."

Anande alimwangalia kuanzia koti mpaka viatu. "Mzee, una roho wewe!"

Alitamani kumwambia kwamba yule pale ni wa tumboni mwa mke wake, akajizuia. Picha ikiisha ndipo atajidai vizuri.

Walimgeuza Brayson chali. Tofali likampata mbavuni. Mlio wake ulikuwa mdogo, mkavu, haufanani na wa filamu yoyote ile, ya zamani wala mpya. Brayson aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limeziba. Lingine lilipenya katikati ya miguu ya watu mpaka likaikuta fimbo, likapanda.

"Baba!" alilia. "Baba, waambie!"

"Leo ndiyo unamkumbuka baba!" mtu alidakia, na watu wakacheka.

Mzee Thomasi hakupenda. Hilo ndilo kosa la hawa wa siku hizi: akimwona mtu wa kwao tu, anasahau mchezo. Akarudi nyuma, akajibanza kwenye mwavuli wa Anande ili asimharibie.

Brayson aliita tena. Safari hii teke lilimkatisha katikati ya neno.

Kisha tairi likaja, linasukumwa kwa mguu, na watu wakalipisha. Harufu ya petroli ilifika mpaka kwenye ndizi. Anande aliacha biashara yake pale pale, akaondoka mbio huku analia kwa sauti. Brayson alikuwa hasogei tena. Hata mkono aliokuwa ameukinga usoni ulianguka pembeni, ukabaki umefumbuka.

Machozi yalimlenga Mzee Thomasi. Miaka yote ya ukumbini hakuwahi kuona mtu akifa vizuri namna ile. Aliinua fimbo juu, na neno likatoka lenyewe, kubwa:

"Umeweza, mwanangu! Umeweza!"

Mkono ulimgusa begani. Alikuwa Lilian, yule binti aliyeigiza na Brayson kwenye ile filamu ya kwanza, amepakwa poda usoni, anatweta kwa kupanda na kushuka barabara.

"Shikamoo, baba. Afadhali nimekuona. Brayson yuko wapi? Tunamsubiri kule juu, kamera bado ziko kwenye gari. Kachukua mkoba wangu mwekundu, eti anakwenda kujaribu kwanza kwa watu wasiojua. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha."