Tandika Tena, Mama

Simu ilitetemeka mfukoni mwa mwandishi wa habari huku mama wa mwanafunzi aliyepotea akitandika kitanda cha bintiye bwenini, mbele ya kamera. Ujumbe ulitoka kwa mwenzake: "Tumempata nyuma ya maabara. Keshakufa. Polisi bado hawajafika."

Akairudisha simu mfukoni kama mtu aliyeambiwa chai imepoa.

"Mama, machozi yamekutoka ukiwa umegeukia ukuta. Tandika tena, halafu mwite arudi."

Mama akaivuruga shuka aliyokwisha kuinyoosha, akaitandika upya, akaupigapiga mto kwa kiganja. "Rudi, kitinda mimba wangu. Hakuna atakayekugombeza."

Kisha akamgeukia mwandishi. "Ataniona, mwanangu?"

"Atakuona, mama. Hebu tabasamu kidogo."

Akatabasamu.