Utani wa Bi Mwanaheri

Siku hizi kijana aliyechomwa kisu haruhusiwi kutoka hospitali bila kibandiko kifuani. Moyo ukianza kwenda mbio, kibandiko kinamlaza usingizi papo hapo, asije akaenda kulipiza kisasi.

Shomari alirudi nacho kwa bibi yake, Bi Mwanaheri. Jioni ile bibi akamtania kama alivyomzoesha tangu utotoni: "Mume wangu, mkeo umemletea nini?" Shomari akaangua kicheko, akalala palepale, tonge la ugali mkononi.

Bibi akampigia nesi. "Mwanangu, huyu hakukasirika. Alikuwa anacheka!"

"Kibandiko hakijui tofauti, bibi. Msimchekeshe tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone."

Basi bibi akajikaza. Utani akaukomesha, akawa anamwita Shomari, kavu, kama anayemwita mpangaji.

Asubuhi moja alipompa uji, mjukuu akamkazia macho. "Mke wangu, ndiyo umeshaniacha?"

Bibi akang'ata midomo. Lakini Shomari mwenyewe kicheko kilishaanza kumpanda, na kope zikashuka. Bibi akaliwahi bakuli lisimwagike.

"Sijakuacha, mume wangu," akamwambia, akijua hamsikii.