Tangi la Felista

Siku hizo kila nyumba iliyopakana na mgodi wa shaba ilipewa tangi la bakteria la kutunza. Felista alikuwa amelilisha lake salfa kwa miaka kumi na miwili, nalo likitoa gesi inayonuka mayai viza, ambayo mgodi uliivuta kwa bomba kuchujia shaba. Pua yake ilikwisha kufa zamani.

Binti yake, Tulinagwe, alipomleta mjukuu wa kwanza, aliishia barabarani.

“Siingii, mama. Hewa ya humo itamdhuru mtoto.”

Felista akaoga, akavaa kitenge kipya, akawafuata. Akampakata mtoto, akazamisha pua utosini mwake.

“Ananukia nini?” aliuliza.

“Maziwa, mama. Kwani husikii?”

Felista akavuta pumzi tena, kwa nguvu, mpaka mtoto akaanza kulia.