Nyumba ya Sampuli

Siku hizi hakuna anayehesabu watu wote. Karani wa sensa huingia nyumba moja tu katika kila shehia, akahesabu waliomo, kisha akazidisha kwa mia tatu. Kwetu, nyumba hiyo ni yangu. Kuku wangu wawili ni kuku mia sita, na mchele wa mgao hupimwa kwa vinywa vyetu, mimi na mume wangu Shaame.

Shaame alifariki Jumatano. Tulipokwisha kumzika, jirani yangu Bi Time alinifuata chumbani nilikokaa eda.

"Pole, Mwantumu. Lakini karani anakuja Ijumaa. Akimkosa Shaame, ataandika wanaume mia tatu wamekufa. Mgao ukikatwa nusu, watoto wetu watakula nini?"

"Kwa hiyo nisimlilie mume wangu?"

"Mlilie, lakini si Ijumaa."

Nilitamani kumfukuza. Ijumaa nilivua nguo za eda, nikajifunga kanga nyekundu. Bi Time alimleta mumewe, Makame, akamkalisha kwenye kiti cha Shaame na kumvisha kofia ya marehemu. Karani, ahesabuye vichwa si nyuso, aliandika watu wawili, akashukuru, akaenda zake. Makame aliitundika kofia msumarini, akaondoka na mkewe bila kunitazama.

Mwezi uliofuata karani alikuja tena, Makame akaivaa kofia tena, na uliofuata vivyo hivyo.

Jana haikuwa siku ya karani. Makame aliingia peke yake bila kubisha hodi, akaivaa kofia, akaketi. Nilimmiminia chai, na sukari nikatia vijiko vitatu, kama alivyopenda Shaame.