Pistoni za Baba Mkwe

"Shika hapa na usiachie," mzee alisema, kabla kinyozi hajamaliza kupiga hodi.

Kinyozi akashika. Kilikuwa kitu cha moto, kimeviringishwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakupata hata nafasi ya kutoa shikamoo.

"Ndiye wewe niliyeambiwa utakuja?" mzee aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiye mimi, mzee."

"Umechelewa. Vua koti."

Kinyozi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Siku nyingi alikuwa akinyoa vichwa vya watu huku midomo ikimchezacheza, anafanya mazoezi ya hotuba ya kuomba mke. Mchumba wake alikuwa amemwonya kwamba baba ni mtu wa maneno machache, hapendi utani, na uchafu hauvumilii hata kidogo. Alimwelekeza nyumba yenye geti la bluu, akamsihi asichelewe. Geti la bluu alilipata, la kwanza kuliona mtaani. Lakini mzee aliyemkuta barazani ovaroli yake ilikuwa imelowa oili mpaka magotini, na aliongea kama redio iliyoharibika kitufe cha kuzimia. Kinyozi akajisemea kwamba labda watoto hawawajui wazazi wao.

Mbele yao, juu ya magazeti, ilikaa injini ya pikipiki ya zamani, ya silinda mbili, imefunguliwa kifua wazi. Mzee alieleza kwamba pistoni mpya za aina ile hazipatikani, na zikipatikana bei yake inatoa machozi. Kwa hiyo alizunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akapata mbili nzima za pampu ya maji, akachongesha silinda zilingane nazo. Ringi tu, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ndizo alizonunua mpya, maana ukibania hapo, alisema, moshi utakuumbua barabarani. Pistoni, pamoja na ile ya kwenye taulo, alizichemsha kwanza ili zitanuke, pini ya kuzishikilia ipite bila nyundo.

"Kwenye sufuria ya mke wangu," aliongeza kwa sauti ya chini. "Akijua, sina pa kulala."

Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, ndiyo maana alihitaji mtu. Yeye alisukuma pini, kinyozi akatia klipu, kile kiwaya kidogo kinachoizuia pini isichomoke. Mzee alimsihi awe mwangalifu: kiwaya kikidumbukia ndani ya injini, wanabomoa kila kitu na kuanza upya.

Simu ikalia kwenye koti. Kinyozi akaitazama mikono yake, nyeusi tii.

"Iache," mzee alisema. "Anayekupenda atapiga tena."

Ikalia tena, na tena. Klipu ya mwisho ikafyatuka. Kinyozi aliidaka kwa kiganja, akaibana kifuani kwenye shati lake jipya jeupe, hapo hapo juu ya moyo. Mzee akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Alikuwa amepanga kusema "biashara" na kupita haraka.

"Mimi ni kinyozi, mzee."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema basi kijana amezoea kushika vichwa visivyotulia.

Ikaja kazi ya silinda. Walizungusha ringi ili mianya yake isikae mstari mmoja, wakazipaka oili, wakazibana kwa mkanda wa bati uliokatwa kwenye kopo la maziwa. Silinda zikashuka taratibu, ringi zikaingia moja baada ya nyingine bila kukwaruza. Mzee akakanyaga kiki polepole. Pistoni zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, laini kama pumzi ya mtu aliyelala. Mzee akacheza kidogo, kiuno tu.

Kinyozi aliona hatapata nafasi nzuri kuliko hiyo. Ile hotuba ilikuwa imeyeyuka yote.

"Mzee, nimekuja kumwomba binti yako. Nampenda, na nitamtunza."

Mzee akaacha kucheza. Alijifuta mikono kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Kumbe hukuja kwa ajili ya pistoni tu."

"Hapana, mzee."

"Na mwenyewe anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyeniambia nije."

Mzee akatikisa kichwa, akashangaa kwa sauti jinsi mtoto anavyoweza kula naye meza moja kila siku na asidokeze neno. Kisha akampiga kinyozi begani, akamwachia alama ya vidole vitano, akasema yeye hana kipingamizi. Aliyeivumilia pikipiki hii, alisema, atamvumilia na mama mkwe.

"Njoo huku, binti yangu," akaita kuelekea ndani. "Mwenzio amefika."

Kinyozi alichomekea shati haraka. Mlango ukafunguka. Akatoka dada mmoja mrefu, mwenye miwani, kalamu imechomekwa nyweleni, akamkagua mgeni kuanzia viatu mpaka utosini.

"Baba," aliuliza, "huyu ni nani?"

Kinyozi naye alikuwa amefungua mdomo kuuliza swali hilo hilo.